Rufus, Media Creation Tool na Ventoy: ipi ya kutegemea Windows inapogoma kuingia kwa flashi

Windows ikigoma katikati ya kuingia, mashine ndiyo inayolaumiwa kwanza: diski imekufa, RAM mbovu, bodi imechoka. Ukifuatilia, mara nyingi kosa lilishafanyika nusu saa nyuma, kwenye kompyuta nyingine, pale flashi ilipokuwa inaandaliwa. Kwa hiyo programu ya kuandalia flashi inastahili kupimwa kwa jicho kali zaidi kuliko ilivyozoeleka. Hapa zinapimwa tatu, zote za bure: Rufus, Media Creation Tool ya Microsoft yenyewe, na Ventoy. Siku mambo yakiwa shwari zote zinafanya kazi. Tofauti zao huonekana yanapokwenda mrama.

Kwa mwenye haraka: Rufus ndiyo ya kuwa nayo siku zote. Media Creation Tool inamtosha anayeweka Windows mara moja kwa miaka miwili, kwenye mashine ya karibuni, akiwa na intaneti isiyokatika. Ventoy ni ya fundi mwenye foleni. Mengine yote hapa chini yanaeleza kwa nini, na la kufanya kila moja inapokwama.

Anza na flashi yenyewe

Hakuna programu inayoweza kuokoa flashi feki. Imeandikwa GB 64, Windows nayo inasoma GB 64, ila chipu iliyomo ni ya GB 8 au pungufu. Kidhibiti chake kimepangwa kudanganya. Faili za mwanzo zinakaa vizuri. Uwezo halisi ukiisha, data inaandikwa juu ya ile ya mwanzo au inapotea kabisa, na hakuna ujumbe wowote unaotokea. Flashi ya namna hiyo inawaka bila shida. Utachagua lugha, utachagua diski, asilimia zitapanda, kisha kila kitu kinasimama na namba 0x8007025D au 0x80070570, kwamba faili zinazohitajika zimeharibika au hazipo. Faili la install.wim, lile lenye Windows yenyewe, ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo ndilo linaloangukia kwenye nafasi isiyokuwepo.

Dawa ni H2testw, chombo kidogo cha Kijerumani chenye pia sura ya Kiingereza. Ifungue, chagua flashi, iambie itumie nafasi yote iliyopo, bonyeza kitufe cha kuandika na kuhakiki, kisha nenda kafanye mengine. Kwa flashi ya GB 16 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kuandika peke yake kunachukua karibu nusu saa, halafu inasoma tena yote iliyoyaandika. Flashi halali inamaliza bila kosa hata moja. Feki inakutajia ni kiasi gani cha data kimepotea. Wenye Linux wanatumia f3write na f3read kwa kazi ileile. Rufus nayo ina kipimo chake ndani, kile cha kutafuta sehemu mbovu kwenye mipangilio ya ziada ya kufomati. Kinafuta kila kitu na kinachukua muda, ila flashi feki haikipiti.

Ukubwa wa kununua ni GB 16 ya kampuni inayojulikana. Microsoft inataka angalau GB 8, na hakuna faida yoyote kuweka Windows kwenye flashi ya GB 128, hasa ile inayouzwa kwa bei ya soda.

Faili la ISO, yaani lile moja linalobeba kisakinishi chote cha Windows, nalo linahitaji kuhakikiwa. ISO ya Windows 11 inazidi GB 5, na kwa bando linalokatika katikati ni rahisi kubaki na faili pungufu lenye jina kamili. Kwenye ukurasa wa kupakua, Microsoft inaweka orodha ya namba za SHA256 (kama alama ya kidole ya faili) za kila lugha. Fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile C:\Downloads\Win11.iso SHA256

Badili njia na jina kulingana na ulipohifadhi faili lako. Mstari wa herufi na tarakimu utakaotokea ulinganishe na wa Microsoft. Ukitofautiana hata herufi moja, pakua upya. Kwenye Rufus kuna kitufe chenye alama ya tiki kando ya SELECT kinachofanya hesabu hiyohiyo.

Rufus

Imeandikwa na Pete Batard tangu 2011, chanzo chake kiko wazi, na ni faili moja la MB chache tu. Haisakinishwi, unaibofya inafunguka. Kwa kawaida haionyeshi diski ngumu za nje kwenye orodha yake, zinaonekana flashi tu, na hilo peke yake limeokoa data za watu wengi. Ukitaka kutumia diski ya nje, kuna tiki ya kuruhusu.

Watu wanakwama kwenye vyumba viwili vya katikati: mpangilio wa patisheni (namna diski inavyogawanywa, GPT ya kisasa au MBR ya zamani) na aina ya mashine lengwa. Mashine zilizotoka na Windows 8 na kuendelea, yaani takribani kuanzia 2012, zinatumia UEFI, mfumo wa kuwashia uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani. Hizo weka GPT, na Rufus yenyewe itajaza UEFI chini yake. Mashine ya zamani kuliko hapo weka MBR. Ukiitengeneza flashi kwa GPT halafu ukaiwasha kwa njia ya zamani ya BIOS, Rufus haikuachi na skrini nyeusi. Inatoa maandishi kwamba flashi hii inawaka kwa UEFI tu na wewe unajaribu kuiwasha kwa BIOS. Inaonekana jambo dogo, lakini hakuna kinachopoteza muda wa fundi kama skrini nyeusi isiyosema kitu.

Mashine nyingi za kati ya 2012 na 2018 zinakubali njia zote mbili, na humo ndimo mnakotokea kosa maarufu kuliko yote. Kwenye menyu ya kuwashia (kwa HP ni Esc kisha F9, kwa Dell na Lenovo ni F12, kwa Asus ni Esc, kwa Acer ni F12 ikiwa imeruhusiwa kwanza kwenye BIOS) flashi moja inaweza kujitokeza mara mbili, jina moja likitanguliwa na neno UEFI na jingine bila neno hilo. Njia utakayochagua hapo inaamua diski iweje. Ukiingia kwa UEFI, Windows inadai diski yenye GPT; ukiingia kwa njia ya zamani, inadai MBR. Zisipolingana unafika hadi kwenye orodha ya patisheni, kitufe cha kuendelea kinafifia, na chini yake kuna onyo kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii.

Kama kuna data ya kubakiza kwenye patisheni nyingine za diski hiyo, usifute kitu. Zima, rudi kwenye menyu, chagua lile jina la pili. Kama huna uhakika umeingia kwa njia ipi, bonyeza Shift na F10 (laptopu nyingine zinataka na Fn) ufungue dirisha la amri, andika:

reg query HKLM\System\CurrentControlSet\Control /v PEFirmwareType

Jibu la 0x1 ni BIOS ya zamani, 0x2 ni UEFI.

Kama diski ni ya kufutwa yote, basi katika dirisha hilohilo andika diskpart, kisha list disk. Utaona kitu kama Disk 0 yenye GB 238 na Disk 1 yenye GB 14. Hiyo 238 ndiyo SSD inayouzwa kama GB 256, na 14 ni flashi yako. Upande wa kulia kabisa kuna safu ya Gpt; diski yenye kinyota hapo ni GPT, isiyo nacho ni MBR. Ukishahakikisha namba, na kama umeingia kwa UEFI, endelea:

select disk 0
clean
convert gpt
exit

Amri ya clean haiulizi mara mbili. Kwenye laptopu yenye SSD na diski ngumu kwa pamoja, namba 0 si lazima iwe ile unayoidhania, na hapo ndipo picha za harusi za watu hupotelea. Soma ukubwa, usisome namba. Na kama mashine inafunguka, chomoa kabisa diski isiyohusika. Kuichomoa kunatibu pia ule ujumbe wa kwamba Windows imeshindwa kuunda patisheni mpya wala kupata iliyopo, ambao mara nyingi hutokana na kisakinishi kuchanganyikiwa kati ya diski mbili na flashi.

Kwa nini NTFS, na kwa nini inagoma kwenye ThinkPad mpya

UEFI ilitungwa isome FAT, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4. Faili la install.wim kwenye ISO za sasa limeshavuka hapo. Rufus inatatua kwa kufomati flashi kwa NTFS na kuongeza pembeni patisheni ndogo ya FAT ya MB 1, inayobeba kiwashio kiitwacho UEFI:NTFS. Kiwashio hicho kinapakia draiva ya NTFS, halafu kinakabidhi kazi kwa Windows. Zamani ilibidi uzime kwanza Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha kitu kisichosainiwa. Tangu toleo la 3.17 la 2021 kiwashio kimesainiwa na Microsoft, na Secure Boot inabaki imewaka. Anayekuambia uzime Secure Boot kabla ya kutumia Rufus amebaki na maelezo ya zamani.

Ila sahihi hiyo ni ya cheti kile Microsoft inachotumia kwa ajili ya programu za watu wengine, si cheti cha Windows yenyewe. Baadhi ya laptopu za kampuni za karibuni, ThinkPad za kuanzia 2022 zikiwemo, zinatoka kiwandani zikiwa zimekataa cheti hicho. Flashi ya Rufus inakataliwa kwa onyo la usalama, au menyu inakurudisha palepale bila kusema neno, wakati flashi ya Media Creation Tool inawaka kwenye mashine hiyohiyo. Usihangaike kuandika flashi upya. Ingia BIOS, sehemu ya Security, kisha Secure Boot, uwashe ruhusa ya Microsoft 3rd Party UEFI CA.

Asiyeruhusiwa kugusa BIOS, kwa mfano mashine ni ya ofisi, anaweza kutengeneza flashi ya FAT32 kwa mkono: anafomati flashi kwa FAT32, ananakili kila kitu cha ISO isipokuwa install.wim, kisha analikata faili hilo vipande kwa amri moja ndefu (hapa ISO iko D na flashi iko E):

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Vipande hivyo kisakinishi kinavitambua chenyewe. Njia hii ni ya kizamani, lakini ndiyo inayowaka kwenye mashine nyingi za UEFI kuliko nyingine yoyote. Zingatia kikomo kimoja: Windows haikubali kufomati FAT32 inayozidi GB 32 kwa dirisha lake la kawaida, sababu nyingine ya kununua flashi ndogo.

Lile dirisha la baada ya START

Kwa soko letu, hapa ndipo Rufus inapozipita nyingine. Ukibonyeza START na ISO ya Windows 11, linatokea dirisha dogo lenye tiki: kuondoa sharti la RAM ya GB 4, Secure Boot na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kuondoa sharti la akaunti ya Microsoft, kuunda akaunti ya ndani kwa jina unalotaka, kuzima usimbaji wa BitLocker (unaofunga data za diski kwa ufunguo) unaojiwasha wenyewe.

Chukua HP EliteBook 840, laptopu ya mitumba inayoonekana kwenye maduka mengi kuanzia Kariakoo hadi Nairobi. G3 ina prosesa za kizazi cha 6, G4 cha 7. Orodha ya Microsoft ya Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, kwa hiyo kwa kawaida ni kuanzia G5 ndipo inapita mlangoni. Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, wenye G3 wengi wanataka 11. Kwa tiki ya kwanza inaingia na inatumika vizuri, hasa ikiwa na SSD na RAM ya GB 8. Mwambie mwenye mashine mapema kwamba Microsoft haimhakikishii masasisho kwenye mashine isiyo kwenye orodha, na kwamba toleo jipya la mwaka linaweza lisishuke lenyewe. Atalazimika kurudi na flashi.

Tiki hiyo haifanyi miujiza. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 inataka prosesa yenye maagizo ya SSE4.2 na POPCNT. Core 2 Duo hazina, na hakuna njia ya mkato, kwa sababu kinachokosekana kimo ndani ya silikoni yenyewe. Mashine hizo zipewe Linux nyepesi.

Tiki ya BitLocker inafaa kufikiriwa kidogo. Windows 11 ya sasa, ikiwekwa upya kwenye mashine inayotimiza masharti na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, inasimba diski na kuhifadhi ufunguo kwenye akaunti hiyo. Kwa mtu anayejua nenosiri lake ni ulinzi mzuri dhidi ya mwizi. Kwa mtu aliyefunguliwa akaunti na fundi dukani, bila namba yake ya simu, siku BIOS ikibadilishwa ataulizwa ufunguo wa tarakimu 48 asioujua. Kwa huyo wa pili weka tiki.

Kasoro za Rufus zipo. Ni ya Windows peke yake, na toleo la 4 linataka Windows 8 na kuendelea. Mwenye Windows 7 abaki na 3.22. Kishale cha kupakua ISO moja kwa moja kutoka Microsoft hakionekani mpaka uruhusu Rufus itafute masasisho, jambo ambalo wengi wanalikatalia mwanzoni kisha wanashangaa kwa nini wenzao wana kitufe wasichokuwa nacho. Na kosa la kunyimwa ruhusa katikati ya kuandika kwa kawaida ni antivirusi, au ule ulinzi wa folda wa Windows. Uzime kwa muda, chomoa flashi, chomeka, anza tena.

Media Creation Tool

Sifa yake kubwa ni kwamba haikuulizi chochote cha kukosea. Inapakua yenyewe, inatumia faili la install.esd lililobanwa zaidi hata likatosha kwenye FAT32, na flashi inayotoka inawaka kwa UEFI na kwa BIOS ya zamani bila kuchagua GPT wala MBR. Kwa mtu asiyetaka kujua lolote katika hayo yaliyotangulia, ni chaguo la busara.

Bei yake ni bando. Ukichagua kuandika flashi moja kwa moja inapakua kila mara, na intaneti ikikatika inakupa namba ndefu isiyomsaidia mtu. Kwenye Windows 7 hugoma na 0x80072F8F, kwa kuwa mfumo ule haujawashiwa TLS 1.2, njia salama ya kuwasiliana na tovuti. Namba hiyohiyo ikitokea kwenye Windows ya sasa, angalia saa ya kompyuta kwanza. Betri ya CR2032 kwenye bodi ikiisha, tarehe inarudi miaka nyuma na vyeti vyote vya intaneti vinaonekana batili. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na kuna watu wamebadilisha hata modemu kwa sababu yake. Tena, programu hii haina njia ya kuruka masharti ya Windows 11. Kwenye G3 haikufai.

Ventoy

Ilitoka 2020, nayo chanzo chake kiko wazi. Unaiweka kwenye flashi mara moja, inaigawa sehemu mbili, moja kubwa ya exFAT na nyingine ya MB 32, kisha kazi yako ni kunakili ISO kama unavyonakili wimbo. Windows 10, Windows 11, Ubuntu, kipimo cha RAM, vyote kwenye flashi moja, na mashine ikiwaka unachagua kutoka kwenye orodha. Kwa duka lenye mashine kumi kwa siku hakuna mfano wake. Hapa ndipo pekee flashi ya GB 64 ina maana.

Kwenye mashine yenye Secure Boot, mara ya kwanza inatokea skrini ya bluu. Hapo wengi huzima wakidhani imeharibika, kumbe inataka usajili ufunguo: chagua kuandikisha ufunguo kutoka kwenye diski, ingia VTOYEFI, chagua faili la ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer, thibitisha, washa upya. Ni mara moja tu kwa kila mashine. ISO ya Windows ikigoma baada ya kuchaguliwa, jaribu njia ya wimboot kwenye menyu ndogo inayofuata kabla ya kuitupia lawama. Na usichomoe flashi mpaka uiondoe rasmi kwenye Windows. ISO ya GB 5 inaweza kuonekana imekwisha kunakiliwa kumbe kipande cha mwisho bado kiko njiani.

Kuna waliolalamika, hasa 2024, kwamba ndani ya chanzo chake mna faili zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine ambazo ni vigumu kwa mtu wa nje kuzikagua. Kwa kompyuta ya benki au hospitali hiyo ni sababu tosha ya kutumia nyingine. Kwa laptopu ya mwanafunzi, uamuzi ni wako.

Neno moja kuhusu balenaEtcher, kwa sababu inapendekezwa kila mahali: ni nzuri kwa Linux, si ya Windows. Inaandika ISO kama ilivyo, na ISO ya Windows haikutengenezwa kuwaka kwa namna hiyo. Programu yenyewe inakuonya. Watu wanabonyeza kuendelea tu.

Flashi ikiwa sawa na bado inagoma

Orodha ya diski ikiwa tupu kabisa, na SSD unaijua ni nzima, tazama prosesa. Laptopu nyingi za Intel kizazi cha 11 na kuendelea zinapitisha SSD kwenye kidhibiti kiitwacho VMD, ambacho kisakinishi hakina draiva yake. Hapa Rufus, Ventoy na Media Creation Tool zote ni sawa, hakuna inayokusaidia. Pakua SetupRST.exe ya modeli hiyo kutoka kwa mtengenezaji, ifungue kwa amri:

SetupRST.exe -extractdrivers SetupRST_extracted

Folda inayotoka iweke kwenye flashi, kisha kwenye orodha ile tupu bonyeza Load driver, uielekeze humo, uchague draiva ya VMD. SSD inajitokeza hapohapo. Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye BIOS. Kwenye Acer kipengele hicho kimefichwa: nenda ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl na S, kinatokea. Ila usikizime kwenye mashine ambayo Windows yake ya zamani bado unaihitaji, maana haitawaka tena mpaka ukirudishe.

Kuna ujumbe unaodanganya kuliko yote, ule unaosema draiva ya midia inayohitajika na kompyuta haipo. Watu wanaanza kutafuta draiva za diski usiku kucha. Kwa kawaida unahusu flashi: kisakinishi kimeanza, kisha kikashindwa kuisoma flashi kilikotoka. Ihamishe kutoka tundu la bluu la USB 3 kwenda tundu jeusi, chomeka moja kwa moja bila kigawanyio. Ikiendelea, ISO ni mbovu au flashi imeandikwa vibaya.

Kosa linalokuja wakati wa kunakili, angalia asilimia yake. Likisimama palepale kila mara, shuku faili au flashi. Likihama, leo 23, kesho 61, na namba ya kosa inabadilika, shuku RAM. Toa vipande vyote ubakize kimoja, safisha meno yake, jaribu; kisha kingine. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikiachwa usiku itathibitisha. Ukitaka ushahidi wa maandishi, Shift na F10, kisha:

notepad X:\Windows\Panther\setuperr.log

Mistari ya mwisho ndiyo yenye kitu.

Mashine ikimaliza kunakili, ikajizima na kuwaka, halafu ikakurudisha kuchagua lugha upya, hakuna kilichoharibika. Imewaka tena kwa flashi. Chomoa flashi skrini ikiwa nyeusi kwenye uwashaji wa kwanza. Faili zote zimeshahamia kwenye diski.

Windows ikijiwekea Home bila kukuuliza wakati wewe una leseni ya Pro, ni kwa sababu inasoma ufunguo uliochapwa kiwandani ndani ya BIOS. Tengeneza faili la maandishi liitwe ei.cfg, liweke kwenye folda ya sources ya flashi, ndani yake mistari minne tu:

[Channel]
Retail
[VL]
0

Orodha ya matoleo itarudi. Angalia jina lisije likawa ei.cfg.txt, maana Windows huficha kiambishi cha mwisho na faili halitasomwa.

Mwishoni kabisa, kwenye hatua ya kuunganisha mtandao, laptopu mpya hukwama kwa kukosa draiva ya Wi-Fi na kitufe cha kuruka hakionekani. Kama flashi ilitengenezwa kwa Rufus na tiki ya akaunti ya ndani, hatua hiyo inapitika mashine ikiwa haina mtandao. Kama sivyo, chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, na Windows itaiona simu kama kadi ya mtandao. Zima masasisho ya programu kwenye simu kwanza, na ukimaliza usanidi ichomoe mapema, kwa sababu Windows mpya itaanza kuvuta masasisho yake kwa bando lako bila kuomba.